Mti wa uani umeanza kutisha: upunguzwe, ukatwe kichwa au uondolewe kabisa?

Uani ndiko maisha ya nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa yanakofanyika. Jiko la mkaa liko huko, kamba ya nguo iko huko, na watoto wanacheza huko tangu watoke shule mpaka magharibi. Mara nyingi mti mkubwa kuliko yote katika eneo hilo nao uko huko huko, umeachwa kwa sababu ya kivuli chake au kwa sababu babu ndiye aliyeupanda. Siku unapoanza kudondosha matawi au kuinama, familia hugawanyika. Mmoja anataka ukatwe wote leo, mwingine anataka upunguzwe tu, na kijana anayepita na panga begani anasema atakata kichwa, bei nusu.

Njia hizo tatu hazibadilishani. Kila moja inajibu tatizo lake, na ukikosea kuchagua unalipa fedha huku hatari imebaki palepale. Msimamo wangu nauweka mapema: tatizo likiwa juu, punguza, likiwa chini, ondoa, na kukata kichwa usikubali hata ukifanyiwa bure. Mnazi una habari yake peke yake, nitaufikia.

Anza chini, si juu

Watu huupima mti kwa urefu wake. Urefu unasema mti ukianguka utafika wapi, lakini hausemi kama utaanguka. Mwarobaini mrefu wenye mizizi mizima ni salama kuliko mkrismasi mfupi ulioliwa shina. Kwa hiyo kabla ya kuita fundi, fagia majani pale shina linapoingia ardhini, chuchumaa, uangalie.

Uyoga mgumu uliotoka kama kibao kwenye shina au juu ya mizizi ni ishara mbaya kuliko matawi kumi makavu, maana uyoga huo ni tunda la ukungu ambao umeshakula mbao ndani kwa muda mrefu. Angalia pia unga wa mbao, vichuguu vya mchwa vinavyopanda juu ya gome, na gome linalobanduka kwa mkono. Kisha gonga shina kwa mgongo wa shoka, ukilizunguka lote. Mti mzima unatoa sauti nzito na fupi. Penye uwazi unalia kama ngoma, na utausikia mpaka wa uwazi huo unapohamisha pigo upande hadi upande.

Kuinama peke yake si kosa. Mti ulioota umeinama tangu mchanga hujirekebisha, ncha yake ikarudi kutazama juu, na mizizi ya upande wa pili ikanenepa kuushika. Wa kuogopa ni ule uliokuwa wima mwaka jana na sasa umelala. Nenda upande wa mgongo wake, yaani upande ulio kinyume na unakoinamia. Ukikuta ardhi imepasuka kwa mstari au imenyanyuka, mizizi imeanza kuachia. Hapo hakuna cha kulinganisha. Hamisha jiko, hamisha watoto wanakolala, na uite watu wa kazi siku hiyo hiyo.

Halafu jiulize nini kimefanyika karibu na mti huo miaka ya karibuni, kwa sababu miti mingi ya uani haifi kwa uzee, inauawa na sisi wenyewe bila kujua. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti hukaa katika sentimita 60 za juu za udongo, na hutambaa nje kupita hata kivuli cha matawi. Sasa mtu anajenga ukuta wa uani, anachimba msingi mita moja kutoka kwenye shina, na vibarua wanakata kila mzizi wanaoukuta. Ukuta unapendeza, mti unabaki wa kijani, na hakuna anayekumbuka kwamba upande mmoja hauna tena kinachoushika. Utasimama hivyo kiangazi chote. Zikija mvua za masika udongo ukalainika, unaweza kuanguka hata siku isiyo na upepo.

Jambo la pili ni kuchoma taka chini ya mti, kila jumamosi, palepale. Moto huo unaua gome la upande mmoja, na gome likifa maji na vijidudu vinaingia. Ukiona shina jeusi lenye ufa upande wa shimo la taka, gonga hapo kwanza.

Kwa pwani yetu majira nayo yana uzito. Kimbunga kilichoangusha mikarafuu na minazi mingi ya Unguja mwaka 1872 kilikuja Aprili. Hidaya, kilichofika Mafia Mei 4, 2024, nacho kilikuta masika bado yapo. Upepo mkali juu ya udongo uliolowa ndio mtihani wenyewe. Kama kazi inaweza kusubiri, ifanyike Januari au Februari, au Septemba kabla ya vuli, wakati ardhi ni kavu na mpandaji hatelezi.

Kupunguza matawi au kukata kichwa

Kwa macho ya haraka kazi hizi mbili zinafanana: mtu yuko juu ya mti, matawi yanaanguka, jua linaingia uani. Tofauti inaonekana baada ya mwaka wa pili.

Anayepunguza kwa ufundi anaanza na matawi makavu yote, kwa sababu hayo yataanguka tu, swali ni lini na juu ya nani. Kisha anachagua yanayolalia bati na yanayosuguana. Tawi refu analifupisha mpaka pale penye tawi dogo lenye uhai, lenye unene usiopungua theluthi ya lile analoliondoa, ili uhai uendelee kupita hapo. Hagusi zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mwaka mmoja. Mwembe, mwarobaini, mkungu na mjohoro hupokea vizuri kazi ya namna hii. Mwembe upunguze mavuno yakiisha.

Tazama jinsi anavyokata tawi nene, hapo utamjua. Mkato wa kwanza anauweka chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, usiozidi theluthi ya unene. Wa pili anauweka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi linaanguka bila kuchana gome la shina. Mkato wa tatu ni wa kuondoa kipande kilichobaki, nao unapita nje kidogo ya ule uvimbe unaolizunguka tawi pale linapoungana na shina. Uvimbe huo usikatwe, ndio unaofunga kidonda. Na kipande kirefu kisiachwe kama kigingi, kitaoza na kuingiza uozo ndani. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda hakuzuii kuoza, kwa hiyo mtu asikutoze fedha za kopo la rangi.

Kukata kichwa ni kufyeka juu yote, mashina manene yanabaki kama nguzo. Wengi wanapenda kwa sababu mti unafupika siku hiyo hiyo na moyo unatulia. Lakini mti uliopoteza majani yote unapambana kuyarudisha. Machipukizi mengi yanatoka pembeni mwa kila kidonda, yanakua haraka sana, na yameshikwa na tabaka la juu tu la mbao. Wakati huo huo kidonda kikubwa kilichoachwa wazi hakifungi, kinaoza kwa ndani. Baada ya miaka michache una matawi mapya marefu na mazito, yamekaa juu ya mbao iliyooza. Mti ambao awali ulikuwa mzima sasa ni wa hatari kweli, na kijana yule yule anarudi kukutoza tena. Mizizi nayo, ikikosa chakula kutoka majani, inadhoofika.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ndiyo njia inayonunuliwa zaidi mitaani, na wanaoinunua ni watu waliotaka kulinda watoto wao. Kama fedha zinatosha kukata kichwa tu, ni afadhali zitumike kuondoa matawi makavu na yale yaliyo juu ya paa, mengine yangoje.

Kuna miti ambayo kupunguza hakuisaidii sana. Msufi mbao zake ni laini. Mkrismasi una matawi mapana yanayokatika na mizizi ya juu juu. Mkaratusi hudondosha matawi makubwa bila taarifa hata siku tulivu. Kama mojawapo umeota mita chache kutoka chumba cha kulala, mimi ningeuondoa hata kama shina likigongwa bado linatoa sauti nzito. Mfenesi kinyume chake: mti wenyewe mara nyingi hauna shida, hatari ni tunda, ambalo linaweza kupita kilo 20. Punguza mafenesi yakiwa madogo na uzuie watoto kukaa chini yake msimu wake, basi.

Ipo pia njia ya nne, kuuacha ulivyo na kuhamisha vilivyo chini yake. Mti wenye kasoro ndogo kwenye kona ambako hakuna anayelala wala kukaa hauhitaji msumeno. Hamisha kamba ya nguo na banda la kuku, kisha uukague kila kabla ya mvua.

Kuangusha mzima au kuushusha vipande

Tuseme umeamua uondoke. Hapa ndipo bei zinapoachana sana, na ndipo ajali zinapotokea.

Kuangusha mzima ni kazi ya haraka. Mkataji anatoa mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, upande anaotaka mti uelekee, kina chake kama robo ya unene wa shina. Kisha anakata kutokea nyuma, lakini hamalizi. Anaacha ukanda wa mbao katikati, kama sehemu ya kumi ya unene, yaani sentimita 5 kwa shina la sentimita 50. Ukanda huo ndio bawaba, unaouongoza mti mpaka chini. Njia yake ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari, ameshaisafisha kabla hajawasha mashine.

Watu wote wengine wakae umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili. Mwembe wa mita 12 unataka mita 24 zilizo wazi. Sasa chukua kiwanja chetu cha kawaida cha mjini, mita 20 kwa 20, ndani yake nyumba, karo la maji machafu, simtanki na ukuta wa jirani. Hesabu haikubali. Kwenye shamba la Kibaha au Muheza angusha; Tandika au Sinza mti ushuke kwa vipande.

Kwa vipande, mpandaji anajifunga mkanda kwenye shina, anakata kutoka juu kwenda chini, na kila kipande kinafungwa kamba kabla ya kukatwa, kikateremshwa polepole na watu walio chini. Inachukua muda na watu wengi, ndiyo maana ni ghali. Hutaki mbinu ya kati, ile ya kukata vipande na kuviachia vianguke tu; gogo la mita moja likitoka juu linapasua karo au linadunda mpaka kwenye bati.

Mti uliooza chini unaleta ugumu wa aina yake. Kuuangusha kwa kawaida haiwezekani, kwa sababu bawaba ya mbao iliyooza haishiki, mti unaenda unakotaka. Kuupanda nako ni kumweka mtu juu ya kitu kisichobeba. Hapo timu nzuri italeta gari lenye kapu la kunyanyua mtu, au itaufunga mti kwenye mti mwingine mzima kabla ya mtu kupanda. Fundi akisema “huu hatuupandi” usimwone mwoga. Huyo ndiye wa kumpa kazi.

Na angalia makubaliano ya gogo. Ni kawaida fundi kupunguza bei ili aondoke na mbao, kuni au mkaa. Pwani gogo nene la mwembe linatafutwa na wachonga mitumbwi. Hakuna ubaya, ila elewa kwamba gogo lenye thamani ni refu, kwa hiyo mwenye kulinunua atapenda kuuangusha mti mzima hata pale ambapo paa lako linadai vipande. Njia ya kukata iamuliwe kwanza, bei ya gogo ije baadaye.

Mnazi haupunguzwi

Mnazi una jicho moja tu la kukulia, lile la juu. Ukikata kichwa umeuua. Kwa hiyo uchaguzi wako ni mwingine: kumlipa mkwezi au kuuondoa. Kama mnazi ni mzima na shina halina mashimo, mkwezi akija kila baada ya miezi miwili au mitatu, akaangua nazi na kuondoa makuti makavu, uani unakaa salama. Nazi yenye kumbi ina uzito wa kilo moja na zaidi, na ikitoka mita 15 au 20 inaua. Nyumba isiyoweza kumlipa mkwezi mara kwa mara isiwe na mnazi juu ya mahali watoto wanapocheza.

Mnazi uliopoteza kichwa kwa ugonjwa au kwa chonga, yule mdudu anayetoboa kichwa cha mnazi, hauna cha kusubiri. Shina linabaki limesimama kama nguzo, linaoza ndani, kisha linavunjika katikati. Uondoe mapema, wakati bado una nguvu ya kushika kamba.

Nani apewe kazi

Kijana wa panga na ngazi anafaa kwa matawi membamba ambayo unaweza kuyafikia ukiwa umesimama ardhini au karibu na hapo. Zaidi ya hapo tafuta timu yenye chenso (msumeno wa mashine), kamba nene, mikanda na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu na kuzuia watu kupita. Chenso juu ya ngazi ikatae kabisa: mashine ikigusa kitu kwa ncha hurudi nyuma kwa kasi kuelekea uso, na mtu wa ngazini hana pa kukimbilia. Aliyevaa ndala asiwashe mashine uani kwako.

Muulize hivi: “Fundi, kipande cha kwanza ni kipi, na kitaangukia wapi?” Anayejua atakuonyesha kwa kidole, tawi kwa tawi, na atakuuliza yeye kama shina lina misumari. Maana miti ya uani ina misumari, na waya wa nguo uliomezwa na gome, na chenso ikikutana na chuma mnyororo unaweza kukatika. Mwonyeshe vyote. Andikeni pia, mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nani atalipa bati au ukuta wa jirani ukivunjika na nani atamtibu kibarua akiumia. Maandishi hayo ni rahisi kuliko ugomvi.

Mti ukiwa karibu na nyaya za umeme, mjadala wa bei unakoma. Matawi yaliyo ndani ya mita 3 kutoka kwenye waya si kazi ya fundi wa mtaani, hata kama waya unaonekana mwembamba. Tawi bichi hupitisha umeme, na laini za kilovolti 11 au 33 zinapita bila ganda lolote. Tanzania peleka taarifa TANESCO, Kenya peleka kwa Kenya Power, wazime laini kwanza. Mti ukiwa umeshalalia waya, usiuguse, usiguse ua wa chuma unaougusa, na zuia watoto mbali mpaka mafundi wa umeme wafike.

Ruhusa haichukui muda mrefu ukiianza mapema. Tanzania pita serikali ya mtaa na kwa afisa misitu wa halmashauri, hasa kama ni mvule, mninga au mti mwingine wa mbao unaolindwa, na jua kwamba magogo, mbao au mkaa vikitoka barabarani vinahitaji hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Kenya anza kaunti. Mpangaji hana mamlaka ya kukata, ila ana haki ya kumwandikia mwenye nyumba, na abaki na nakala yenye tarehe. Mti wa jirani ulioinamia kwako, ongea naye kwanza: “Shikamoo mzee, naomba twende tuangalie ule mwembe pamoja.” Mpe nafasi aone mpasuko wa ardhi kwa macho yake, na mara nyingi gharama mtagawana.

Kisiki na kitakachofuata

Kisiki cha mjohoro, mkaratusi au mwembe kitachipua; ama ukate machipukizi kila yanapotokea, ama uking'oe kwa sururu na shoka. Kama kiko karibu na msingi wa nyumba, kukiacha kioze taratibu ni salama kuliko kuchimba shimo kubwa hapo, lakini kitavuta mchwa, kwa hiyo kikague. Gogo la mnazi lisiachwe kuozea uani ikiwa wewe au majirani mna minazi mingine, kwa sababu chonga hutaga mayai yake humo. Lipasue na litumike, au lichomwe mbali na miti.

Kivuli kitakosekana kwa muda, na joto la Januari litawakumbusha. Mpera, mlimao, mstafeli au mkomamanga hazikui ndefu kiasi cha kutishia paa, na zikipandwa mita 4 au 5 kutoka ukutani, mbali na karo na nje ya njia ya waya wa umeme, matawi yake mtayafikia wenyewe kwa ngazi fupi.